Moto wa Mama Katika Nyumba ya Kumbukumbu

Kamwene, ndugu zangu. Wazee wa kanisa, kamwene. Kina mama, kamwene. Nanyi wageni mliotoka ng'ambo ya bahari, kamwene. Karani Obadia yuko hapo ubavuni mwenu, atawatafsiria ninayosema, kama yatampendeza.

Nimeitwa nishuhudie jinsi Mungu alivyoiokoa nyumba hii ya baba yangu. Jana niliposhuka kwenye lori kutoka Makambako, mchungaji aliniambia, "Mama Tabita, useme kwa ufupi, useme mema, wala usitaje jina la mtu." Nimemsikia. Ufupi nitajitahidi. Mema yapo, mtayasikia yakifika. Lakini majina nitayataja, maana waliotenda wana majina, na wengine wamekaa hapa mbele.

Nimeyaandika kwa mkono wangu, na mnajua shule yangu iliishia kwenye silabi. Nimeandika kwa sababu naijua desturi yetu. Mtu akishuhudia akaanza kugusa pabaya, mama mmoja huko nyuma anaanzisha wimbo, wote mnaitikia, na yule mtu anakaa chini na maneno yake mdomoni. Leo mkiimba nitasimama hapa hapa mpaka wimbo uishe, halafu nitaweka kidole pale nilipoachia.

Tazameni mlivyokaa pazuri. Nje kuna ukungu, mtu hamwoni mwenzake ng'ambo ya barabara, lakini humu ndani hakuna anayetetemeka. Bati jipya halivuji. Pale ukutani kuna moto wa kuni za miwati, na moshi wake unapanda kwenye dohani ya mawe na kutoka zake juu, hausumbui macho ya mtu. Mzee Zakaria, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, amesogeza kiti chake karibu nao. Simlaumu kwa hilo. Ana umri sasa, na mzee anahitaji joto. Naomba mlikumbuke hilo tu ninaposimulia.

Wageni hamjui, na vijana mmesahau, kwa hiyo nianzie mwanzo. Nyumba hii aliijenga baba yangu, Lameki, kabla hajabatizwa akaitwa Lameki. Kuta za miti na udongo, paa la mianzi, nyasi juu. Mmisionari wa kwanza alipofika huku na mizigo yake mvua zilikuwa zimeanza, na hakuna aliyetaka kumpokea, watu walidhani ni mtoza kodi. Baba akampa upande mmoja wa nyumba. Mzungu yule alikaa humu msimu wote wa mvua, akikohoa kwa moshi wa mama yangu, na humu humu baba na wenzake walianza kusoma. Herufi waliziandika ukutani kwa mkaa wa mafigani.

Kisha ikaja vita ile ya wakati wa Mjerumani, watu wakachoma kila kitu kilichonuka Uzungu. Mmisionari alikimbia usiku, akaiacha kengele yake. Baba aliichimbia shimo hapa katikati, akaifukia, mama akarudisha mafiga matatu juu yake na kuwasha moto. Waliingia watu wenye mikuki, wakapekua uvunguni, wakapanda hata kwenye kichanja cha mahindi. Mama alikuwa anasonga ugali. Akawaambia, "Karibuni, mle." Hakuna aliyefikiria kusogeza chungu. Kengele iliyowaita asubuhi hii ni hiyo. Ilipona kwa sababu juu yake palikuwa na moto.

Basi miaka ikapita. Mimi niliolewa, mume wangu akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, hakurudi, ilirudi habari yake tu. Nikarejea kwa wazazi. Baba naye akafariki. Tukabaki mama na mimi.

Ndipo Mzee Zakaria akaja na Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali pale boma la Njombe, na karani Obadia akiwa mkalimani. Waliizunguka nyumba, wakapima kwa kamba, wakapiga picha. Baada ya muda wakarudi na kibao, wakakipigilia juu ya mlango. Walisema nyumba imekuwa ya kumbukumbu, na serikali na kanisa wataitunza pamoja. Tulifurahi, nisiwafiche. Mama alichinja jogoo. Alikula Zakaria, alikula Obadia, na Bwana Shauri akanywa maji ya chupa yake.

Walipokwisha kula, Zakaria akafuta mdomo, akasema, "Sasa mama, kuna masharti kidogo."

"Sema, mwanangu."

"Kisibadilishwe kitu. Mti usitolewe, tundu lisitobolewe, ila kwa kibali."

"Nani abadilishe? Mimi mzee hivi."

"Na moto usiwashwe tena humu ndani. Nyasi hizi zikishika moto, historia yote inaungua."

Mama alicheka. Alidhani kijana amenogewa na kuku, anatania. "Zakaria, na baridi hii nilale na nani?"

"Tutakujengea jiko la nje, mama."

"Nimekuuliza habari ya kulala, wewe unanijibu habari ya kupika."

Obadia alicheka naye. Zakaria hakucheka. Mafiga waliyaacha pale pale, eti yataonwa na watu, lakini majivu waliyazoa, wakafagia vizuri. Mama alipaangalia mahali pale palipofagiwa kama mtu anayeangalia kitanda kilichotandikwa baada ya maiti kutolewa.

Mtaniuliza, kwa nini hatukuhama? Hata wao waliuliza. Mama alikataa. Humu aliingizwa akiwa mwari, humu alizaa watoto wake wote, na waliokufa wachanga wamelala nyuma ya ukuta huu. Alisema yeye humu hatatoka kwa miguu yake.

Sasa wageni nisikilizeni, wenyeji mnayajua haya. Nyumba ya nyasi ya huku kwetu inaishi kwa moshi. Moshi unapanda kila siku, unakausha mianzi, unaipaka masizi mpaka inang'aa, fukusi hawaitoboi, nyasi haziozi. Ukiuondoa moto, paa limekufa, linangoja tu siku ya kuanguka. Hakuna anayekwenda shule kujifunza hilo. Kila aliyezaliwa katika uwanda huu wa Njombe analijua, na Mzee Zakaria analijua vizuri, maana amezaliwa katika nyumba kama hii na kukua chini ya masizi yake. Na ndiye aliyetaka moto uzimwe, ili nyumba ihifadhiwe. Angekuwa Mzungu amekosea, ningesema hajui. Nimelifikiria miaka yote hii, na jibu nililolipata ni moja: aliona haya. Alitaka wageni waoneshwe nyumba ya kwanza ya ibada, wasikute jiko la bibi kizee.

Haikuchukua muda. Unga wa fukusi ukaanza kudondoka kutoka juu, mweupe, kwenye uji wa mama. Mvua zilipofika, maji yakaingia. Uyoga uliota kwenye miti ya paa, ndugu zangu, uyoga ndani ya nyumba. Tulihamishia kitanda pembe hii, tukahamishia pembe ile, mwisho mama akasema, "Tabita, kiache kitanda. Nimechoka kusafiri ndani ya nyumba yangu."

Kisha kifua kikamshika. Dresa wa zahanati alimsikiliza mgongoni, akaniambia dawa atampa, lakini dawa peke yake haitoshi. Mgonjwa huyu anataka pakavu na joto. Nilimwuliza, "Na kama hapana pakavu wala joto?" Akanifungia vidonge kwenye karatasi.

Nikaenda kwa Mzee Zakaria. Sikumwomba makubwa. Nilimwambia, kama mnaogopa moto kwa ajili ya nyasi, basi toeni nyasi tuweke bati. Kama hamtaki bati, niruhusuni nijenge dohani ndogo ya mawe ukutani, moto ukae pembeni, nyasi ziwe salama. Mafundi ni shemeji zangu, mawe yako mtoni. Nataka kibali tu.

Akasema, "Binti Lameki, mimi binafsi sina neno. Kanisa halina neno. Lakini kibao ni cha serikali. Nenda bomani."

Nikaenda Njombe kwa miguu, nimebeba kuku wa karani, maana nilishajua Obadia hasikii vizuri mtu asiye na kuku. Kuku alimpokea. Akasema, "Shangazi, boma halina neno kabisa. Lakini nyumba iko mikononi mwa kanisa. Zakaria akisema ndiyo, kesho unajenga."

Nikarudi kwa Zakaria. "Boma wamesema hawana neno, wanakungoja wewe."

"Na mimi nawangoja wao. Siwezi kutangulia serikali."

Nikarudi kwa Obadia. "Anasema hawezi kuwatangulia."

"Na sisi hatuwezi kuliingilia kanisa, shangazi. Huo ndio utaratibu."

Nawaambia ndugu zangu, katika maisha yangu nimesumbuliwa na wengi, lakini sijapata kuzungushwa kama nilivyozungushwa na watu wawili wasio na neno. Nilikwenda na kurudi mpaka mbwa wa njiani wakaacha kunibwekea. Laiti mmoja angesema hapana, ningejua pa kwenda kulia. Hawakusema hapana hata siku moja. Walikuwa wapole. Obadia alinipa kiti.

Siku moja Bwana Shauri mwenyewe akaja kuitazama nyumba. Nikasema leo Mungu amesikia. Nilimwosha mama, nikamfunika kaniki yake nzuri, nikamketisha mlangoni. Bwana Shauri aliinama, akamshika mkono, uso wake ulikuwa wa mtu mwema, sitaki kumsingizia. Mama akaniambia, "Mweleze." Nikaeleza yote: paa, uyoga, kifua, dohani. Nilieleza mpaka pumzi ikaniisha. Obadia akageuka, akasema maneno mafupi, mafupi sana, hayakutosha hata uyoga peke yake. Mzungu akatabasamu, akatikisa kichwa, akasema kitu.

"Amesemaje?" mama akauliza.

Obadia akasema, "Anasema una bahati, bibi, kukaa katika nyumba yenye heshima namna hii."

Mama akajifunika vizuri kaniki yake. Kisha akauliza, "Na moto amesema lini?"

Obadia hakutafsiri hilo. Obadia, uko hapo, usiangalie sakafu. Leo una watu wa kutafsiria, watafsirie hilo. Mama yangu aliuliza, "Na moto amesema lini?"

Nangoja wimbo wenu. Hakuna? Basi naendelea.

Ukaja mwezi wa saba. Mnaujua mwezi wa saba wa huku, sakitu asubuhi imeganda juu ya majani kama chumvi, ukungu unaingia ndani bila kubisha. Mama alikuwa amebaki mifupa na macho. Blanketi mbili, na mimi nimemkumbatia mgongoni, na bado meno yake yanagongana. Ilikuwa jioni, watu wanatoka mashamba ya miwati. Akasema, "Tabita, nipe moto."

Nikasema, "Mama, kibali hakijaja."

Akasema, "Sijakuomba kibali."

Niliinuka nikachukua kuni kule jiko la nje. Nilizipanga kati ya mafiga yale matatu, juu ya shimo lile la kengele, nikawasha. Ndugu zangu, sitaki kuonekana naongeza chumvi, lakini uso wa mama ulirudi. Alinyoosha viganja vyake, akavigeuza, akavinyoosha tena. Akaanza kunitania, akaniambia nimepanga kuni kama mwanamume. Niliupata ule muda na mama yangu, na mpaka leo hakuna aliyeninyang'anya.

Moshi ulitoka kwenye nyasi, ukaonekana. Zakaria akaja na vijana wa kanisa na ndoo. Sikuwazuia, nilidhani akimwona mama atasimama. Hakusimama. Alichukua ndoo mwenyewe, akamwaga maji juu ya mafiga. Figa moja lililia, likapasuka ubavu. Mvuke na majivu vikajaa nyumba nzima, mama akakohoa mpaka akainama chini.

Alipopata pumzi akasema, taratibu tu, bila hasira, "Zakaria. Mama yako alikuzaa kando ya moto kama huu. Ulitoka wa buluu, hulii. Mimi ndiye niliyekushika, nikakusogeza kwenye joto mpaka ukalia."

Zakaria akasema, "Mama, mimi natii masharti tu." Akatoka. Vijana wakafuata na ndoo yao.

Mama hakuuona mwezi wa nane.

Alizikwa kwa heshima, lazima niseme. Kengele ililia. Zakaria alihubiri kaburini, akamwita mlinzi mwaminifu wa nyumba ya kwanza. Alimpamba kwa maneno mazuri, watu walilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimetazama mikono yake iliyoshika kitabu, nikiiona imeshika ndoo.

Wiki iliyofuata niliitwa na wazee. Kosa langu lilikuwa kuwasha moto mahali patakatifu na kudharau amri. Walitaka nisimame mbele ya usharika, nitubu, wanisamehe, yaishe. Nikasema sitatubia moto. Nikiulizwa dhambi zangu ninazo, nitazitaja moja moja, lakini hiyo haimo. Wakanitenga. Meza ya Bwana nikaiona kwa mbali, nikiwa nimekaa benchi la nyuma na wale wa pombe na wa uzinzi. Na mvua zilizofuata paa likaanguka, lilivyopaswa kuanguka. Mnajua walisemaje? Walisema ni moto wa Tabita. Moto wa jioni moja, uliomwagiwa maji ndoo nzima, ndio ulioangusha paa lililooza miaka.

Hapo ndipo nilipovunjika. Sikuweza kupita kijijini bila mtoto kuninyooshea kidole. Nikapanda lori la mbao, nikashuka Makambako pale barabara zinapokutana, kwa sababu ndipo lori liliposimama. Sikuwa na mtu. Nililala kwenye baraza ya duka la Mhindi. Mchana nilikaa ukutani nikiangalia malori yanayokwenda Iringa na yanayokwenda Mbeya, na sikutaka kwenda kokote. Chakula nikipewa nakishika tu. Kifua kikaanza na mimi, kikohozi kile kile cha mama, na moyoni nilifurahi, nikasema vizuri, nakuja.

Sasa nafika kwenye mema, mchungaji, tulia.

Karibu na baraza ile palikuwa na mwanamke anauza chai na maandazi kwa madereva. Anaitwa Mama Rehema, Mwislamu wa watu, katoka pwani akimfuata mume, mume kampotea huku bara. Aliniangalia siku kadhaa. Siku moja ya ukungu akaniita, "Wewe mama, mbona unakaa kama mzigo uliosahauliwa? Sogea motoni."

Nikamwuliza, "Naruhusiwa?"

Akaniangalia kama nimerukwa na akili. "Unaruhusiwa na nani? Moto si huo hapo? Sogea, na ukisogea chochea."

Nikasogea. Nikanyoosha viganja, nikavigeuza, na hapo, ndugu zangu, hapo ndipo nilipolia. Nilimlilia mama yangu mbele ya madereva, mbele ya masufuria, sikuona aibu. Mama Rehema hakuniuliza kitu. Alinipa kikombe cha chai yenye tangawizi, akaendelea kukaanga. Dereva mmoja akataka kucheka, Mama Rehema akampiga kwa mwiko.

Hiyo ndiyo siku niliyopona. Kikohozi kiliendelea muda, lakini nilikwisha kupona. Nikaanza kuchochea moto wake, nikaanza kukanda unga, baadaye akanionesha kiwanja nyuma ya banda lake. Nikajenga nyumba ya vyumba viwili. Fundi aliponiuliza moto ukae wapi, nilikwenda mbio kwa Mama Rehema nikamwuliza nimwombe nani ruhusa ya kuweka mafiga ndani. Alicheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo tukigombana hunitania hivyo, "Nenda kaombe kibali."

Na mwinjilisti wa Makambako, kijana mdogo, viatu vyake vimepasuka, alisikia kwamba nimetengwa. Akaja nyumbani. "Mama, wanasema ulichoma nini?"

"Kuni."

"Na nini kingine?"

"Kuni tu."

Akakaa, akanywa chai, akawaza. Akasema, "Basi Jumapili njoo mezani." Aliulizwa baadaye na wakubwa wake, akajibu kwamba katika vitabu vyake hakuona dhambi ya kuni. Huyo naye hakungoja mtu amtangulie.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe lilibaki moja. Kiangazi cha juzi lori lilisimama pale kwetu, limesheheni bati na mifuko ya saruji. Dereva akaagiza chai. Nikamwuliza, kama tunavyowauliza wote, mzigo wa wapi? Akasema, "Wa Njombe huko. Kuna nyumba ya kumbukumbu, wanaiezeka bati. Wajukuu wa mmisionari wanakuja kutoka Ulaya, na barua imesema mmoja wao baridi haimpendi, kwa hiyo wanajenga na dohani."

Nikauliza, "Na kibali?"

Akasema, "Kibali gani, mama? Karani wa boma na mzee wa kanisa walikuja pamoja dukani kuchagua bati. Walikuwa wanacheka."

Walikuja pamoja. Siku zote zile nilipokuwa natembea kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, sikuwahi kuwaona mahali pamoja. Wageni wangu, sina ugomvi nanyi. Hamkujua. Babu yenu alikohoa kwa moshi wa mama yangu na hakulalamika. Nanyi mnaohitaji joto mlilipata kabla hamjafika, na ni halali yenu. Mtu yeyote anayetetemeka ana haki ya moto. Ninachosema ni kwamba nyumba ile ile, wazee wale wale, boma lile lile. Dohani imejengwa ukuta ule ule nilioonesha kwa kidole changu.

Nilimkorogea dereva chai yake. Niliongeza sukari, hakuwa na kosa.

Ndugu zangu, nimeombwa nishuhudie wokovu wa nyumba hii, nami nimeshuhudia. Namshukuru Mungu aliyeniweka kwenye njia ya Mama Rehema. Namshukuru Mama Rehema, ambaye hayuko hapa kwa sababu madereva hawawezi kukosa chai. Namshukuru yule mwinjilisti. Namshukuru dresa aliyesema kweli. Nawashukuru hata ninyi mlionisikiliza bila kuimba.

Na kama mnataka fundisho, chukueni hili, sina jingine. Mtu akija kwako anatetemeka, akakuomba jambo ulilo nalo mkononi, usimwambie huna neno. Sema ndiyo au sema hapana. Mwache ajue. Mama yangu hakuuawa na mtu mwenye roho mbaya. Aliuawa na watu wapole waliokuwa wanangojana.

Mzee Zakaria, sikuombi utubu, na sitakuambia nimekusamehe, maana nimeapa leo nisome kweli tupu. Labda siku moja. Endelea kuota moto. Umefika umri wa mama, na ningekukuta unatetemeka ningekuchochelea moto mwenyewe, wallahi, kama anavyosema rafiki yangu.

Nimemaliza, limebaki dogo. Asubuhi nilipokuwa nazunguka nyumba niliyaona mafiga ya mama. Mawili mmeyajengea kwenye ngazi ya mlango, hayatoki. Moja, lile lililopasuka ubavu, mmeliweka nje chini ya pipa la maji ya mvua. Pipa nimeshaliegesha kwenye tofali. Jiwe liko mlangoni, nimelifunga kwenye kanga. Lori la Makambako linaningoja pale barabarani, na ninapotoka humu nalibeba, naenda nalo kwangu, nalitia motoni pamoja na mafiga yangu.

Karani Obadia, waambie wageni nimelichukua. Waambie sikuomba kwa mtu.